Wanafunzi Waandishi wa Habari Wanapofika Kijijini

Siku moja waweza kuona vijana wawili au watatu wakiingia kijijini kwako. Hawakuja kununua pamba. Hawakuja kutafuta kazi machimboni. Mmoja ana daftari na kalamu. Mwingine ana simu ya kurekodi sauti. Wa tatu amening'iniza kamera shingoni. Wanauliza nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Baada ya hapo wanaanza kuongea na watu na kuwauliza maswali.

Watu watanong'ona. Hawa ni nani? Je, ni watu wa kodi? Je, ni wanunuzi wa dhahabu? Je, ni wapelelezi?

Huenda ni wanafunzi wanaojifunza uandishi wa habari. Katika mkoa wa Shinyanga na mkoa wa Geita hufika mara kwa mara, kwa sababu huku kuna habari nyingi. Kuna dhahabu, almasi, pamba na ng'ombe. Kuna pia matatizo ambayo taifa zima linapaswa kuyajua.

Somo hili litakueleza wanafunzi hao wanatoka wapi, wanajitambulishaje, na wanapenda kuandika mambo gani. Litakueleza pia haki zako unapozungumza nao. Jambo hili ni la maana sana. Neno ukilisema barazani, husikiwa na watu kumi. Neno hilo likitangazwa redioni, husikiwa na maelfu, na haliwezi kurudishwa. Laweza kuokoa maisha ya mtu. Laweza pia kumponza aliyelisema.

MWANDISHI WA HABARI NI NANI?

Mwandishi wa habari ni mtu anayetafuta mambo yaliyotokea, anahakikisha kama ni kweli, kisha anawaeleza watu wengi. Hueleza kwa gazeti, redio, televisheni au mtandao wa simu.

Wazee wa Usukumani watamwelewa upesi wakikumbuka habari ya mizani ya pamba. Zamani, wakati wa ukoloni, wakulima wengi wa pamba walipunjwa na wanunuzi. Mkulima alileta mzigo mkubwa, mizani ikaonyesha uzito mdogo. Hakujua kusoma namba, basi akanyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani. Kutokana na juhudi hizo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Kazi ya mwandishi wa habari inafanana na kazi ya yule mwangalizi wa mizani. Anasimama mahali ambapo mambo yanapimwa, anasoma namba, kisha anawaambia watu alichoona. Hapaswi kuongeza. Hapaswi kupunguza.

WANAFUNZI HAWA WANASOMA WAPI?

Chuo kilicho karibu nasi ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kipo Nyegezi, katika jiji la Mwanza. Kilianza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii, kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza. Mwaka 1998 kikawa chuo kikuu. Wanafunzi wake hujifunza pia kutangaza katika redio ya chuo hicho.

Chuo kingine kipo Dar es Salaam. Serikali ilianzisha chuo cha uandishi wa habari huko mwaka 1975. Mwaka 2003 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vipo pia vyuo vingine vidogo katika miji mbalimbali.

Kila mwanafunzi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo. Maana yake ni kwamba anatoka darasani na kwenda kufanya kazi yenyewe chini ya watu wenye uzoefu. Wengine hupelekwa kwenye magazeti. Wengine hupelekwa kwenye redio za mikoani, kama Radio Faraja ya Shinyanga au Storm FM ya Geita. Kutoka Mwanza kwenda Geita zamani ilibidi wavuke kwa kivuko pale Kigongo na Busisi. Tangu mwaka 2025 wanapita juu ya daraja.

Kumbuka kwamba mwanafunzi bado anajifunza. Baadhi yao hawajui Kisukuma. Wengine wamekulia mjini na hawajapata kuona duara la dhahabu. Basi usishangae akiuliza jambo ambalo hata mtoto wa kijijini analijua. Mweleze polepole. Mtu anayeuliza ni bora kuliko mtu anayebuni.

WANAJITAMBULISHAJE?

Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Mwandishi mwema hujitambulisha kabla ya kuuliza swali lolote. Sikiliza mfano huu wa mwanafunzi anayezungumza na mama mmoja nyumbani kwake:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Asante mama. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo cha Nyegezi. Kitambulisho changu ni hiki. Niko kwenye mafunzo kwa miezi miwili katika redio ya mkoa. Mimi napenda sana habari za afya ya akina mama. Nataka kuuliza juu ya maji ya kisima hiki. Maneno yako yatatangazwa redioni wiki hii. Je, uko tayari kuzungumza nami?"

Ndugu msomaji, hesabu mambo aliyoyasema. Ametaja kazi yake. Ametaja chuo chake. Ameonyesha kitambulisho. Ametaja redio anakofanya mafunzo. Ameeleza anapenda mambo gani. Amesema anataka kuuliza nini. Amesema maneno yatakwenda wapi na lini. Mwisho ameomba ruhusa.

Sasa lipo jambo moja alilosahau. Hakutaja jina lake! Basi mama huyo ana haki ya kumwuliza: "Mwanangu, unaitwa nani?" Jina ni dhamana. Mtu aliyekutajia jina lake na chuo chake anajua kwamba akipotosha maneno yako, utajua pa kumtafuta.

Jihadhari na mtu anayesema, "Nimetumwa kutoka juu," bila kusema juu ni wapi. Jihadhari na mtu anayeanza kwa kukupiga picha kabla ya salamu. Jihadhari pia na mtu anayeahidi kwamba ukizungumza naye utaletewa msaada. Mwandishi hana mahindi ya kugawa wala hana fidia ya kulipa. Kazi yake ni kusema ukweli, na wenye madaraka wausikie.

WANAPENDA KUANDIKA MAMBO GANI?

Kila mwanafunzi ana mambo anayoyapenda zaidi. Wako wanaopenda michezo. Wako wanaopenda muziki na ngoma. Hapa tutaeleza mambo manne ambayo huwaleta wengi katika sehemu zetu.

Kwanza, madini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mgodi wa Bulyanhulu, katika Kahama ya wakati huo, ulifuata mwaka 2001. Buzwagi ulianza mwaka 2009, na ukaacha kutoa dhahabu mwaka 2021. Mwadui, katika wilaya ya Kishapu, almasi ilianza kuchimbwa tangu mwaka 1940. Mwanafunzi anayependa habari za madini huuliza: Nani analipwa fidia ya shamba? Je, maduara ya wachimbaji wadogo ni salama? Mgodi ukifungwa, watu watakula nini? Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka. Tope likafika kwenye nyumba na mashamba ya watu. Habari kama hiyo haiwezi kuandikwa vizuri na mtu aliyeketi mjini. Lazima afike, aone tope, na azungumze na mwenye shamba.

Pili, afya. Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu. Huchanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa, kisha hulichoma donge lake ili dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani sana, lakini ni sumu. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Ukimfikia mama mjamzito, waweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Zebaki ikiingia mtoni huingia pia katika samaki, na mtu hula samaki. Huko Minamata, nchini Japani, watu wengi waliugua na kufa kwa sababu ya samaki wenye zebaki. Mkataba wa dunia wa kupunguza matumizi yake ulipewa jina la mji huo mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwanafunzi anayependa habari za afya atataka kujua: Je, donge linachomwa jikoni, karibu na watoto? Je, wachimbaji wanavijua vyombo vyenye kifuniko vinavyonasa moshi huo?

Tatu, wasichana. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoa wa Shinyanga ulikuwa mbele kwa ndoa za utotoni. Karibu wanawake 6 katika kila 10 waliohesabiwa walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 inapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo. Wanafunzi wengi, hasa wa kike, hupenda kuandika juu ya jambo hili. Huwauliza wazazi juu ya mahari ya ng'ombe. Huwauliza wasichana juu ya shule.

Nne, maisha ya watu wenye ualbino na ya bibi vizee. Huku Kanda ya Ziwa bibi wengi wameuawa kwa uvumi wa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Tunajua kwamba macho ya bibi huwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino nao waliuawa, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri.

Mwaka 2008 mwandishi wa shirika la utangazaji la Uingereza, Vicky Ntetema, alichunguza mauaji hayo. Alikwenda kwa waganga sehemu za Mwanza akijifanya mfanyabiashara. Alipotangaza aliyoyasikia, alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Dunia nzima ikasikia habari hiyo. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa wilaya ya Bukombe. Mwaka 2010 Vicky Ntetema alipewa tuzo ya kimataifa ya ushujaa.

Hapa msomaji atauliza: Mbona yeye hakujitambulisha? Swali hilo ni zuri. Kuficha jina na kazi ni jambo la nadra sana. Mwandishi mwenye uzoefu hulifanya pale tu ambapo maisha ya watu yako hatarini na hakuna njia nyingine ya kupata ukweli. Mwanafunzi hapaswi kufanya hivyo. Na mtu wa kawaida, ambaye hakuna uhalifu anaoutenda, asifichwe kamwe anazungumza na nani.

MASWALI SITA YA MWANDISHI

Mwandishi yeyote, mkubwa au mwanafunzi, hutafuta majibu ya maswali sita: Nini? Nani? Wapi? Lini? Namna gani? Kwa nini? Tutazame habari moja ya kweli.

Nini kilitokea? Duara la dhahabu liliporomoka na kuwafukia wachimbaji.

Nani? Wachimbaji wadogo.

Wapi? Nyangarata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga.

Lini? Mwezi Oktoba 2015. Mwezi Novemba, baada ya siku 41, wachimbaji 5 walitolewa wakiwa hai.

Namna gani waliishi humo? Walieleza kwamba walikula mizizi, wadudu na vyura, na wakanywa maji yaliyochuruzika chini ya ardhi.

Kwa nini duara liliporomoka? Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Mchimbaji atasema hivi. Mwenye duara atasema vile. Ofisa wa madini naye ana maneno yake. Mwandishi lazima awasikilize wote. Hapaswi kuchagua jibu linalopendeza.

Fikiri sasa juu ya zile siku 41. Watu wengi juu ya ardhi walikuwa wamekwisha kata tamaa. Mtu aliyesema siku ya kumi, "Wote wamekufa," alisema jambo asilolijua. Ndiyo maana mwandishi atakuuliza tena na tena: "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Usikasirike. Hakuoni kuwa mwongo. Anatenganisha jambo lililoonekana na jambo lililosikika. Fanya hivyo hata wewe. Sema, "Hili nimeliona." Au sema, "Hili nimelisikia kwa jirani." Kijiji chenye desturi hiyo hakiwezi kumpiga bibi kizee mawe kwa sababu ya uvumi.

HAKI ZAKO UNAPOULIZWA

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 18, inasema kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni yake. Inasema pia kila mtu ana haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu. Basi mwandishi anayekujia anatumia haki, na wewe unayejibu unatumia haki. Shika mambo haya:

1. Una haki ya kuona kitambulisho na barua ya chuo. Zamani ulishikiwa karatasi na kuambiwa tu. Leo unajua kusoma. Soma mwenyewe jina, chuo na tarehe.

2. Una haki ya kukataa. Si mwenyekiti, si mwandishi, si jirani awezaye kukulazimisha kuzungumza. Waweza pia kujibu swali moja na kuliacha jingine.

3. Una haki ya kuomba jina lako lisitajwe. Omba kabla ya kusema, si baada. Labda unataka kusema juu ya mtu mwenye nguvu anayenunua dhahabu ya wizi. Labda unamjua anayemwoza mtoto wa darasa la sita. Mwambie mwandishi: "Nitasema, lakini jina langu na uso wangu visionekane." Akikubali, amefungwa na neno lake. Kumbuka hata hivyo kwamba kuficha jina peke yake huenda kusitoshe. Gazeti likiandika "mjane mwenye duka pekee kijijini," kila mtu atakujua. Basi mwulize: "Utaniita nani?"

4. Mtoto aliyetendewa mabaya hatajwi jina, wala picha yake haitolewi. Mzazi usikubali, hata ukiombwa kwa upole.

5. Una haki ya kuomba usomewe maneno uliyoyasema. Kama hayako sawa, yasahihishwe palepale.

6. Usitoe fedha, na usidai fedha. Mwandishi anayepokea bahasha huandika yanayompendeza mwenye bahasha. Na wewe ukilipwa ili useme, watu hawataamini tena maneno yako. Kumkaribisha mgeni maji au viazi si rushwa. Huo ni utu.

7. Una haki ya kujibu. Gazeti au redio ikikosea juu yako, iandikie barua. Taja tarehe ya habari, taja kosa, kisha andika ukweli. Wasipokusikiliza, waweza kupeleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania. Baraza hili liliundwa mwaka 1995 na watu wa vyombo vya habari wenyewe, ili kulinda maadili ya kazi yao na kusuluhisha magomvi ya namna hii.

NA WEWE WAWEZA KUANDIKA

Ndugu msomaji, usidhani habari huandikwa na wageni peke yao. Sehemu zetu zina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 1968 mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa ulianza Mwanza, kwa msaada wa shirika la UNESCO. Mradi huo ulihudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Shinyanga. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, ng'ombe, uvuvi na chakula bora. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo.

Katika miaka hiyo ya 1970 lilianzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Lilikuwa gazeti la watu waliokwisha jifunza kusoma, ili wasisahau. Herufi zake zilikuwa kubwa na maneno yake yalikuwa mepesi.

Leo, simu nyingi zinapeleka ujumbe wa maandishi. Redio za mkoa husoma ujumbe wa wasikilizaji. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana aweza kuandika: "Kisima chetu kimekauka tangu Julai. Tunatembea saa mbili kutafuta maji." Hiyo ni habari kamili. Ina nini, lini na namna gani. Ongeza jina la kijiji, na kiongozi hawezi kusema hakujua.

Waweza pia kuwa msaada mkubwa kwa mwanafunzi aliyefika kijijini. Mfundishe kusalimu kwa Kisukuma asubuhi: "Mwangaluka." Mwonyeshe njia ya machimboni. Mtafutie bibi anayejua mambo ya zamani. Mkumbushe awasikilize akina mama, maana barazani mara nyingi wanaume husema na wanawake hunyamaza. Mwombe pia alete nakala ya gazeti au akutajie saa ya kipindi. Mgeni aliyechukua maneno yenu ana deni la kuwarudishia matunda yake.

MWISHO

Mwanafunzi mwandishi anapokuja kwako, mambo mawili yanakutana. Yeye ana kalamu. Wewe una habari. Kalamu bila habari ni mti mkavu. Habari bila kalamu huishia barazani. Msikilize anavyojitambulisha, maana hapo ndipo utakapojua kama ni mtu wa kuaminiwa. Kisha nawe jitambulishe. Sema ulichokiona. Siku habari itakapotoka, isome mwenyewe. Usiridhike kusomewa na mtu mwingine. Pima kila neno, kama wakulima wa zamani walivyojifunza kuangalia mizani.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mwandishi mwema husema mambo gani anapojitambulisha?

2. Kuna tofauti gani kati ya "nimeona" na "nimesikia"? Toeni mfano wa uvumi ulioleta madhara katika sehemu zenu.

3. Mtu akitaka kueleza habari ya hatari, afanye nini kabla ya kusema?

4. Kama mwanafunzi mwandishi angefika kijijini kwenu kesho, mngependa aandike juu ya jambo gani? Kwa nini?

5. Zoezi la kuandika: Jitambulishe kwa mistari mitano. Andika jina lako, kijiji chako, kazi yako, jambo unalolipenda, na jambo moja la kijiji chako ambalo watu wengine wanapaswa kulijua. Kisha wasomee wenzako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Duara: shimo refu la kuchimbia dhahabu.

Fidia: malipo ya kitu kilichochukuliwa au kuharibiwa.

Kitambulisho: kadi yenye jina na picha, inayoonyesha mtu ni nani.

Maadili: mwenendo mwema unaotakiwa katika kazi.

Uvumi: habari inayosambaa bila kuhakikishwa.

Zebaki: madini ya majimaji yenye rangi ya fedha, ambayo ni sumu.